Kesi ya Rutuba ya Bi Nakunda

Nchi yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu bado nasubiri kiinua mgongo changu huko. Niseme tu kwamba ni nchi yenye milima, mvua za misimu miwili, wimbo wa taifa wenye beti saba, na Wizara ya Rutuba na Uhamasishaji, ambayo ina ghorofa tisa na haina hata kopo moja la maua. Ghorofa ya sita, mlango wa nne kushoto, nilikaa mimi, Ombeni Kajiru, Mtaalamu Mwandamizi wa Mwamko wa Wakulima Wadogo.

Kazi hiyo niliifanya kwa miaka kumi na tisa. Kila mwaka mahindi yalipopungua mashambani, Waziri aliuliza kwa nini wakulima hawatii mboji wala samadi, na kila mwaka nilimjibu kwa kurasa mia mbili kwamba hawana mwamko. Waziri alifurahi, maana kosa likiwa la mwamko, si la wizara. Nikapandishwa cheo mara tatu. Shambani sikuwa nimefika tangu nilipokuwa chuoni, na hata siku hiyo nilibaki ndani ya basi kwa sababu nje palikuwa na tope.

Sasa, mwaka huo ninaousimulia, mgeni mmoja wa shirika linaloisaidia wizara aliisoma ripoti yangu hadi mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea, kisha akauliza swali la utovu wa adabu: "Hawa wakulima, kuna mtu aliyewauliza?"

Mkurugenzi wangu, Bwana Nzowa, aliniita ofisini kwake alasiri hiyohiyo.

"Kajiru, nenda kawaulize."

"Niwaulize nini, mkurugenzi?"

"Waulize kama hawana mwamko."

Kamati ya watu kumi na wanne ilikaa wiki sita hotelini kuandaa dodoso. Lilikuwa na maswali mia moja themanini na saba. La kwanza lilisema: "Je, unafahamu kwamba huna mwamko?" La mwisho halikuwa swali bali zoezi: mkulima apige makofi, mtafiti ahesabu sekunde. Akizidisha thelathini, mwamko wake ni wa juu. Naona aibu kukiri kwamba zoezi la makofi nililibuni mimi, na wakati ule nililionea fahari kiasi kwamba nilimsomea mke wangu kitandani. Yeye alipiga makofi mawili, akazima taa.

*

Kijiji nilichopangiwa kiliitwa Ngaramizi. Mtendaji wa kijiji, Bwana Sangoda, alinipokea akiwa amevaa koti la suti lenye kitambaa cha jina la kiwanda bado kimeshonwa kwenye mkono.

"Mheshimiwa, kijiji changu kimekubali mboji kwa asilimia mia moja," alisema kabla sijashuka garini.

Akanionyesha. Kila nyumba ilikuwa na shimo mbele yake, refu kama kaburi la mtu mrefu, na ukingoni mawe yaliyopakwa chokaa. Mashimo yalipangwa kwa mstari hadi ng'ambo ya bonde. Yalipendeza sana. Yote yalikuwa matupu, isipokuwa moja lililokuwa na kuku aliyeshindwa kutoka.

"Na mboji yenyewe iko wapi?" niliuliza.

Sangoda alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Agizo la mwaka jana lilisema mashimo, mheshimiwa. La mboji bado hatujalipata."

Niliandika: *Utekelezaji kamili.*

Wakulima walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi mbele ya ofisi. Wa kwanza alikuwa mwanaume mwenye viganja vilivyopasukapasuka, aliyekuja na kofia mkononi.

"Je, unatia samadi shambani?"

Alimtazama Sangoda. Sangoda akatikisa kichwa polepole, chini, juu.

"Tunatia sana," alisema yule mkulima.

"Samadi ya mnyama gani?"

"Ya huyohuyo mnayemtaka nyinyi."

Nikamwomba apige makofi. Alipiga dakika moja na nusu, akaacha nilipomwomba aache. Hadi saa sita mchana, maswali mengi nikiyajaza mwenyewe, nilikuwa nimeshawahoji watu arobaini, na Ngaramizi ilikuwa imeshakuwa kijiji chenye mwamko wa juu kuliko vyote nchini. Nyuma ya mabenchi niliona mahindi yao, ya manjano, yanayofika magotini. Sikuyaandika. Hayakuwa na nafasi kwenye dodoso.

Ndipo nilipotaka kupiga picha ya mashimo. Nilirudi nyuma hatua kadhaa ili yaingie yote kwenye picha, nikaendelea kurudi, nikiwa na madodoso arobaini kwapani, mpaka ardhi ikaisha.

Nilitegemea kuangukia shimo tupu kama mengine. Hili halikuwa tupu. Niliingia hadi kiunoni kwenye mavi ya mbuzi, majivu, makapi ya maharage, migomba iliyooza na maji ya mvua ya juzi. Madodoso yalielea kidogo, kisha yakazama moja baada ya jingine kwa utulivu mkubwa. Sangoda alipiga kelele kwamba anakwenda kutafuta ngazi, akakimbia upande wa ofisini. Nilielewa baadaye kwamba ngazi ya kijiji haitolewi bila barua.

"Wenzio hupiga hodi mlangoni," ilisema sauti juu yangu.

Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mrefu, amevaa buti za mpira na sweta la mwanaume. Alinishushia jembe.

"Shika mpini, si chuma. Haya, panda. Polepole, mboji yangu hiyo unaikanyaga."

Huyo ndiye Bi Nakunda.

*

Alinichotea maji ya kuoga, akanipa kanga yake ya maua ya zambarau nijifunge, akafua suruali yangu na kuianika kwenye uzio. Jua lilikuwa la kujificha. Suruali ilichukua saa tatu kukaribia kukauka, na kwa sababu Mtaalamu Mwandamizi hawezi kupita kijijini na kanga ya zambarau, nililazimika kukaa kwenye kigoda jikoni kwake. Zilikuwa saa tatu za kwanza katika miaka kumi na tisa nilizokaa na mkulima bila kumuuliza swali lililoandikwa.

Kupitia mlango wa nyuma nililiona shamba lake. Mahindi ya kijani kibichi, mazito, yamenipita kimo. Mpaka wa shamba ulikuwa kama umechorwa kwa rula: huku kijani, kule manjano.

"Mama," nilisema, "huu mwamko uliupata wapi?"

"Mwamko ndio nini?"

"Ni ile hali ya kujua umuhimu wa samadi."

Alicheka hadi akaacha kumenya viazi. "Baba yangu, huku hata mbuzi wanajua umuhimu wa samadi. Uliza majani yaliyoota kando ya zizi."

"Sasa mbona wengine hawatii?"

Akaelekeza kisu nje ya mlango. "Lile shamba la manjano la kwanza, yule anakodi msimu kwa msimu. Aliyekuwa analima pale kabla yake alitia samadi miaka miwili. Mahindi yalipoanza kumpita kichwa, mwenye shamba akakumbuka kwamba ana mtoto wa kiume anayetaka kulima. Akafukuzwa na samadi yake ikabaki. Unadhani huyu wa sasa hakuona? Lile la pili, shamba ni lake, lakini hana mbuzi, hana ng'ombe, hana hata bata. Atie nini, mate? Na yule wa kule mlimani, mbuzi anao, shamba analo, ila mgongo hana. Kutoka zizini kwake mpaka shambani ni kupanda mwendo wa saa nzima na kapu kichwani. Toroli la kijiji tulipewa, lakini liko ofisini kwa Sangoda. Amelifungia lisichakae."

Nilitafuta kalamu. Ilikuwa kwenye suruali.

"Na wewe mwenyewe?"

Aliosha kisu. "Na mimi nakodi. Shamba ni la Elinihaki, binamu wa marehemu mume wangu. Na mimi nilikuwa silitii kitu. Halafu mwaka mmoja wifi yangu alifunga mbuzi wake pembeni ya shamba, miezi mitatu. Msimu uliofuata mahindi ya pembe ile yalikuja hivi." Akainua mkono juu ya kichwa. "Nilisimama katikati yake, wifi akaniita, hanioni. Ndipo nikamfuata shemeji nikamwambia: nipe miaka mitano usiliguse, nami nitakulipa magunia yako kila mavuno bila kukosa. Akakubali, mbele ya wanakwaya, tukitoka kanisani. Basi nikabeba. Miaka mitatu sasa, kapu kwa kapu. Imebaki miwili."

"Karatasi ipo?"

"Shemeji yangu nimwombe karatasi? Si ataona namfanya mwizi?"

Nilipovaa suruali yangu, ikiwa na unyevu bado, alinisindikiza hadi kwenye uzio. Hapo akanishika mkono.

"Bwana mkubwa, nikuombe jambo moja. Usiandike jina langu. Elinihaki anaishi mjini, hajalitazama shamba hili siku nyingi. Asilitazame."

"Hilo usijali kabisa, mama," nilisema. "Siri ya mtafiti."

Nilimaanisha. Naapa nilimaanisha, kwa siku mbili nzima.

*

Siku ya tatu nilikaa kuandika ripoti. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na jambo la kusema, na jambo hilo lilinipanda kichwani kama pombe. Niliandika kurasa kumi na moja tu. Kwenye ukurasa wa tisa palikuwa na nafasi iliyochapishwa: *Jina kamili la mkulima wa mfano na mahali shamba lilipo.* Niliitazama nafasi ile kwa muda mrefu. Lakini mimi ni mtu ambaye hajawahi kuacha nafasi wazi kwenye fomu. Niliijaza, kwa mwandiko mzuri, na ramani nikachora.

Bwana Nzowa alisoma ukurasa wa tisa peke yake.

"Mkulima wa mfano!" alisema. "Waziri anamtafuta tangu mwezi wa tatu. Andaa sherehe. Andika na hotuba."

Wiki mbili baadaye Ngaramizi ilikuwa na mahema, kikundi cha ngoma na kibao cha bati chenye maandishi SHAMBA LA MFANO WA TAIFA, kilichochimbiwa katikati ya mahindi, juu ya mashina manane. Waziri alifika akiwa amevaa gwanda jipya la mkulima lililopigwa pasi. Nilikaa nyuma yake na nakala ya hotuba, nikisogeza midomo pamoja naye.

Ilikuwa hotuba nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu ilikuwa mbaya. Waziri hupenda sentensi zinazoishia kwenye makofi, kwa hiyo nilimwandikia moja niliyoona inavuma masikioni: "Rutuba ni mali ya aliyeitia!" Haikuwa na maana yoyote. Waziri aliitamka, kipaza sauti kikakata. Akaitamka tena, kikakwaruza. Akaitamka mara ya tatu, ikasikika hadi mlimani.

Lazima nieleze kwamba katika nchi yetu, neno ambalo Waziri amelitamka mara tatu hadharani ni Agizo. Kesho yake huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na linakuwa na nguvu ya sheria mpaka Waziri atamke lingine. Siku ile hakuna aliyewazia hayo. Tulipiga makofi.

"Sasa namwita mwenye shamba hili aje achukue cheti chake!" alisema Waziri.

Nilimtafuta Bi Nakunda kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya hema la wageni na jagi la maji na beseni, amepewa kazi ya kuwanawisha mikono. Aliweka jagi chini. Kabla hajanyoosha mgongo, mtu mnene mwenye miwani ya jua alishapanda jukwaani.

"Elinihaki Mrutu, mheshimiwa," alisema. "Hati ya shamba ni yangu."

"Hongera sana! Waeleze wenzako, siri ni nini?"

Elinihaki alilitazama shamba. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona baada ya miaka minne, na nilimwona anavyolipima kwa macho, kutoka kibaoni hadi mtoni.

"Ni mwamko tu, mheshimiwa," alisema.

Waziri aligeuka akanitazama kwa furaha. Ripoti zangu zote za miaka kumi na tisa zilikuwa zimethibitishwa. Nikapiga makofi pamoja na wengine, sekunde nyingi tu. Nyuma ya hema, Bi Nakunda hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi.

*

Siku nane baada ya mavuno, alikuja wizarani. Walinzi walimwambia lifti ni ya wenye miadi, akapanda ngazi ghorofa sita na buti zake za mpira. Alisimama mbele ya meza yangu, akakataa kiti.

"Nilikuomba jambo moja," alisema.

Nilimuuliza kilichotokea, ingawa nilikijua.

"Amelichukua. Amesema analima mwenyewe, na kile kibao chenu amekipaka rangi upya. Nikamkumbusha miaka mitano. Akasema hayo yalikuwa maongezi ya kutoka kanisani. Wanakwaya nao wamesahau. Wawili wanakodi kwake."

"Mama, kuna utaratibu wa malalamiko," nilisema, na mkono wangu ukafungua droo wenyewe. "Unajaza fomu hii, nakala nne. Halafu anayelalamikiwa anasaini kukubali kwamba analalamikiwa."

"Anasaini nani?"

"Bwana Elinihaki."

Alinitazama. Si kwa hasira. Ningeshukuru kama ingekuwa hasira. Alinitazama kama vile alivyonitazama nikiwa shimoni, ila safari hii hakuwa na jembe la kunishushia.

"Kapu kwa kapu," alisema. "Shingo hii haigeuki vizuri upande wa kushoto sababu ya shamba lile. Nilijua usipotia, unavuna kidogo, ukitia, unanyang'anywa. Nikasema mimi nitapita katikati, kimyakimya. Ukaja wewe na kalamu."

Akageuka aondoke. Sijui ni nini kilichonishika. Ujasiri sina, na sijawahi kuwa nao. Nadhani ilikuwa aibu tu, ambayo mtu akiibeba wiki kadhaa inakuwa nzito kuliko woga. Nilimwita. Nikachomoa kwenye rafu Gazeti la Serikali la siku moja baada ya sherehe, nikaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Soma hapa."

Alisoma polepole, midomo ikicheza. "Rutuba ni mali ya aliyeitia." Akainua kichwa. "Nani aliandika upuuzi huu?"

"Mimi."

"Na ni sheria?"

"Tangu sherehe ile. Bahati mbaya ya kipaza sauti."

Akalikunja gazeti, akalitia kifuani.

*

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, wanawake thelathini na wawili wa Ngaramizi waliingia kwenye Shamba la Mfano wa Taifa na majembe na makapu. Walianza upande wa mtoni, wakikwangua udongo wa juu ule mweusi na kuubeba hadi kwenye ua wa Bi Nakunda. Elinihaki alikuja mbio kutoka mjini, akasimama kati yao akipiga kelele.

"Mnaniibia shamba!"

"Shamba lako hilo hapo, shemeji, hatujaligusa," alisema Bi Nakunda, akiendelea kujaza kapu. "Nachukua rutuba yangu."

Sangoda aliitwa. Alilisoma gazeti mara mbili, akasimama wima kama anasikia wimbo wa taifa, kisha akatangaza kwamba yeye hawezi kuzuia Agizo wala kuruhusu wizi, kwa hiyo kila mtu abaki alipo hadi Baraza la Ardhi la Wilaya litakapokaa. Walibaki walipo. Wengine walikaa juu ya makapu yao hadi jioni.

Habari ilienea wilaya nzima kabla ya Alhamisi. Kila aliyewahi kufukuzwa kwenye shamba alilolinenepesha alitoa kapu nje. Wenye mashamba waliweka walinzi wa kulinda udongo.

Baraza lilikaa kwenye darasa la shule. Mwenyekiti, Bi Hadija Lukwaro, alikuwa hakimu mstaafu mwenye uso wa mtu anayetaka kurudi nyumbani. Elinihaki alizungumza kwanza, na hoja yake, lazima nikubali, ilikuwa nzuri.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi naheshimu Agizo. Achukue rutuba yake yote. Ila udongo ni wangu, auache hapohapo. Azitenganishe."

Watu waliguna. Mwenyekiti akasema linahitajika neno la mtaalamu, na mtaalamu wa serikali wa rutuba nchini ni mmoja.

Asubuhi ile Bwana Nzowa alikuwa amenipigia simu. "Kajiru, sikiliza vizuri. Ukiulizwa, sema rutuba ni dhana. Dhana haina mwenyewe. Kesi imekwisha, Waziri yuko salama, na cheo cha Mkurugenzi Msaidizi kiko wazi tangu Ijumaa."

Nilisimama. Mbele yangu alikaa Bi Nakunda, mikono mapajani, hatarajii kitu kutoka kwangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: kwamba alikuwa ameshanizoea.

"Bwana Kajiru," alisema mwenyekiti, "je, rutuba inaweza kutolewa kwenye udongo, udongo ukabaki?"

Sentensi ya Nzowa ilikuwa tayari mdomoni. Niliimeza.

"Inaweza, mheshimiwa," nilisema.

Elinihaki alitabasamu.

"Inatolewaje?"

"Kwa mahindi. Unapanda, mmea unaivuta kwa mizizi, unavuna, unaondoka nayo kwenye gunia. Udongo unabaki palepale. Hakuna chombo kingine duniani kinachoweza kutenganisha vitu hivyo viwili."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Kwa hiyo Bi Nakunda akitaka mali yake, inabidi apande."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa muda gani?"

"Kwa kiasi alichotia, si chini ya miaka mitano." Nilikohoa. "Ila akiwa anaongeza samadi kila msimu, na sheria haimkatazi, hesabu inaanza upya kila msimu."

Kicheko kilianzia madirishani, kwa wanawake waliokosa viti, kikaingia ndani. Elinihaki alisimama, akakaa, akasimama tena. Bi Nakunda hakucheka. Aliinamisha uso kwenye viganja vyake, mabega yakatikisika, na sikuweza kujua kama analia au la.

Mwenyekiti aliamua dakika hiyohiyo: Bi Nakunda apewe miaka mitano kamili kuanzia msimu ujao, kwa karatasi yenye mihuri, aondoe rutuba yake kwa njia ya mahindi, na udongo wote uliobebwa kwa makapu urudishwe shambani kabla ya mvua. Elinihaki aliondoka bila kuaga, na cheti chake cha Mkulima wa Mfano.

*

Mambo hayakuishia vizuri pande zote, nisiwadanganye. Waziri alisahihisha Agizo lake wiki ileile, mara tatu, kipaza sauti kikiwa kizima. Baadhi ya wenye mashamba waliandika kwenye mapatano kwamba mkodi haruhusiwi kutia kitu chochote ardhini. Mashamba hayo yako manjano hadi leo. Lakini wengine walipoona hakuna anayetaka kukodi kwao bila miaka na karatasi, walitoa miaka na karatasi, na kwenye mashamba hayo watu walianza kubeba. Sangoda alilitoa toroli ofisini baada ya wanawake wawili kukaa mlangoni kwake siku nzima wakishona. Mwaka uliofuata ungeweza kutafuta kinyesi cha mbuzi Ngaramizi nzima usipate hata cha kukanyaga.

Wizara ilitoa taarifa kwamba mwamko umeongezeka.

Mimi sikupewa ukurugenzi. Nilihamishiwa Ngaramizi kuwa bwana shamba, barua ikisema ni kwa ajili ya "kunisogeza karibu na wadau". Mke wangu alisema angalau sasa nitakuwa nje ya nyumba mchana. Nilikodi chumba kwa Sangoda, na nyuma ya chumba akanikodishia kipande cha shamba kwa msimu mmoja, kwa maneno ya mdomo.

Wiki ya kwanza nikiwa nalima, kwa jembe jipya na malengelenge yasiyo na idadi, Bi Nakunda alipita na toroli limejaa samadi ya wifi yake. Alisimama kwenye mpaka, akanitazama ninavyoshika mpini.

"Bwana shamba, imebaki hii. Nikumwagie?"

Nilifungua mdomo nimweleze faida kumi na mbili za samadi, ninazozijua kwa moyo na nimezifundisha miaka kumi na tisa. Nikatazama kipande changu kilichochoka, nikatazama nyumba ya Sangoda, nikawaza kapu kwa kapu, mgongo wangu, na mwezi wa nane, Sangoda akishayaona mahindi, nitakapokuwa sijui nitalala wapi.

"Asante sana, mama," nilisikia sauti yangu ikisema, "ila ngoja kwanza. Shamba lenyewe si langu."